ULIZA MWALIMU: Daftari lilikuwa wazi mapajani, mbona nilinyoosha mkono?

Mwezi huu barua zimekuja za namna moja, zote za mtu kufuata kundi, kama zilipatana njiani. Nimechukua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu imenikamata. Wenye mbili zilizobaki mnisamehe.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na ni mwanachama wa kikoba cha akina mama 24. Jumamosi iliyopita mweka hazina alitusomea marejesho ya mikopo ya miezi mitatu, akasema ni shilingi 1,480,000. Mimi kila kitu huandika kwenye daftari langu la dagaa, kurasa za nyuma. Kwangu ilikuwa 1,840,000. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, wote wametulia tuli. Mwenyekiti akauliza, "Tumepitisha?" Mikono ikaenda juu, na wangu ukaenda. Mwalimu, daftari lilikuwa mapajani, liko wazi! Tangu siku hiyo usingizi wa shida. Mume wangu anasema ni woga tu. Je, ni woga, au nina tatizo? — Mama Dagaa, Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilibidi niweke miwani chini. Hilo neno "liko wazi" limebeba barua yote. Ungekuwa hujui hesabu, usingeniandikia.

Nikufanyie kisa kwanza. Barua yako ilinifika Jumatatu. Jumatano nikafanya utundu barazani kwangu, hapa Ujiji. Nilichukua chupa nne za maji za lita moja nikazitia mawese. Moja nikaiweka peke yake, ndiyo ya mfano. Tatu nikazipanga juu ya kigoda, kila moja na kimo chake, na moja tu kati yao ikiwa sawasawa na ile ya mfano. Nikawaita wajukuu wawili, mama muuza vitumbua na fundi cherehani wa mlango wa tatu, nikawapanga: raundi mbili za mwanzo semeni kweli, ya tatu semeni wote kwamba chupa ya kwanza ndiyo iliyolingana na mfano. Chupa ya kwanza ilikuwa chini vidole viwili vizima. Mtoto wa chekechea angeona.

Wa tano alikuwa kijana wa bodaboda anayeniletea sukari, ambaye hakuambiwa kitu. Nilimketisha mwisho wa mkeka.

Raundi mbili zikapita vizuri, anajibu huku anatafuna kitumbua. Ya tatu, wajukuu wakasema "ya kwanza". Mama wa vitumbua, "ya kwanza". Fundi, bila hata kutabasamu (yule mtu angefaa maigizo), "ya kwanza". Kijana akaacha kutafuna. Akatazama chupa, akamtazama mama wa vitumbua, akarudi kwenye chupa. Akainama. Akaipangusa kwa kidole, kana kwamba tatizo ni vumbi. Kisha sauti ikashuka: "Hiyo ya kwanza."

Nilipomweleza mchezo, akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Nikamuuliza aliona nini. Akasema, "Bibi, niliona ya tatu. Nikasema labda kwa nilipokaa mimi mafuta yanaonekana vibaya."

Huo ulikuwa utundu wa bibi mstaafu, usije ukanukuliwa kama utafiti. Lakini sikuubuni mimi. Kuna mwanasaikolojia aliyeitwa Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw, Poland, mwaka 1907, akapelekwa Marekani angali mtoto. Alisimulia kwamba utotoni, katika karamu ya Pasaka ya Kiyahudi, bibi yake alimimina kikombe cha ziada cha divai kwa ajili ya nabii Eliya, na mtu mzima mmoja akamwambia: kiangalie vizuri kikombe hicho. Mtoto akakodoa macho, akaona kama divai imepungua kidogo. Mimi kisa hicho nakipenda kuliko jaribio lenyewe, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Alitaka tu kuona wanachoona wakubwa.

Baadaye, katika miaka ya 1950, akiwa Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, akafanya jaribio lililompa jina. Badala ya mawese yeye alitumia mistari. Kadi moja ina mstari mmoja, ya pili ina mitatu, sema upi una urefu uleule. Chumbani wamekaa vijana saba au zaidi, na wote wamepangwa isipokuwa mmoja. Raundi 18, na katika 12 waliopangwa wanasema uongo kwa sauti moja. Watu wakijibu peke yao hawakosei hata mara moja katika mia. Wakiwa katikati ya kundi lile, zaidi ya theluthi ya majibu yao, kama 37 katika 100, yalifuata uongo. Robo tatu ya watu waliteleza angalau mara moja. Kwa kipimo hicho, kati yenu akina mama 24, 18 wangeteleza. Hao 18 siwezi kuwaita waoga. Naona hata mumeo hawezi, akizikumbuka vizuri harambee alizowahi kuhudhuria.

Na hapa nina ugomvi mdogo na wenzangu tuliofundisha saikolojia. Darasani tulikuwa tunasimulia nusu tu: watu ni kondoo, basi. Hesabu hiyohiyo inasema majibu karibu mawili katika kila matatu yalikuwa ya kweli, na robo ya watu hawakuteleza hata mara moja, ingawa walitoka jasho. Asch mwenyewe alitaka hilo nalo lionekane.

Sasa kwa nini mkono wako ulipanda? Mwaka 1955 wanasaikolojia Morton Deutsch na Harold Gerard walitenganisha kamba mbili zinazomvuta mtu kwenye kundi. Moja ni kutaka kuwa sahihi: wenzangu wana macho kama mimi, wakiona vingine huenda mimi ndiye nimekosea. Nyingine ni kutaka kubaki nao: nikipinga, watanionaje?

Kamba ya kwanza inavuta zaidi palipo na giza. Nenda ufukweni hapo Kibirizi usiku usio na mbalamwezi, utafute taa moja iliyo mbali na zenzake, uikazie macho. Baada ya muda itaanza kutembea, hata kama ni taa ya nyumbani kwa mtu, imening'inia ukutani. Jicho likikosa kitu cha kulinganisha hutangatanga. Muzafer Sherif, mtu wa Uturuki, alilitumia jambo hilo katika utafiti alioutoa mwaka 1935: chumba cheusi, nukta moja ya mwanga isiyosogea, na swali, imesogea kiasi gani? Kila mtu peke yake alikuwa na kipimo chake. Walipokaa pamoja wakitaja kwa sauti, vipimo vikasogeleana mpaka vikawa karibu kimoja. Na walipotenganishwa tena, kila mmoja akaondoka na kipimo cha kundi kama chake. Hapo hakuna aliyemwogopa mwenziwe. Walikuwa wanasaidiana kuona gizani.

Wewe hukuwa gizani kiasi hicho. Ulikuwa na daftari. Najua ulijiambia "labda mimi ndiye niliyekosea kuandika", na hiyo ni kamba ya kwanza ikikugusa begani. Iliyokuinua mkono ni ya pili. Vijana wa Asch walikuwa na watu ambao wasingelala nao njaa. Wewe hao 23 ndio wanaokukopesha dagaa wakiadimika, ndio watakaokuja na kanga na sufuria ukifiwa. Kupinga mbele yao kuna bei, na mkono wako uliijua bei hiyo kabla ya kichwa chako.

Lakini kuna sentensi yako nyingine unayoipita haraka: "nikatazama kushoto, nikatazama kulia, wote wametulia." Mwanangu, na wao walikuwa wanakutazama wewe. Na wewe ulikuwa umetulia! Daftari liko mapajani, nani analiona? Wanachoona ni uso wa Mama Dagaa, mtu wa hesabu, ametulia, basi mambo sawa.

Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley waliwaweka vijana chumbani kujaza fomu, kisha wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 katika 100 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na wenzao wawili waliopangwa kutojali, 10 tu katika 100. Wengine walibaki wanapunga moshi kwa mkono ili waone fomu. Kila uso mtulivu ulikuwa unauambia mwingine kwamba hakuna jambo. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na desturi ya viongozi wetu kusema "kimya ni kukubali". Kimya cha watu 24 kinaweza kuwa na watu wanane wenye daftari mapajani.

Tuje kwenye la kufanya. Watu wa Asch walibadilisha jaribio lao kila namna, na mambo matatu yanakuhusu. Walipomweka mtu mbele ya mpinzani mmoja tu, makosa yalikuwa chini ya 4 katika 100. Wapinzani wawili, kama 14. Watatu, 32, na kutoka hapo kuongeza watu hakukuongeza sana. Maana yake hukushindwa na akina mama 23. Ulishindwa na mikono mitatu ya mwanzo. Pili, walipompa mtu mwenzi mmoja tu anayesema kweli, nguvu ya kundi ilishuka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Mmoja tu! Tatu, mtu alipoandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka, aliteleza mara chache zaidi.

Kwa hiyo usiende kikao kijacho peke yako, daftari mkononi kama askari wa doria. Mtafute mwenzi kabla. Na ningekuwa wewe, wa kwanza kumtafuta ni mweka hazina mwenyewe, jioni, nyumbani kwake, mkiwa wawili. Tazama tena namba zako: 1,480,000 na 1,840,000. Nne na nane zimebadilishana viti. Tofauti ni 360,000, nayo ukiigawa kwa tisa unapata 40,000 kamili, hakuna baki. Watu wa hesabu wa zamani, kabla ya kompyuta, wakiona tofauti inagawanyika kwa tisa walishuku kwanza kwamba tarakimu mbili zimegeuzana. Kanuni hiyo haimvui mtu hatia, ila inakupa pa kuanzia pasipo na neno "wizi". Mwambie, "Dada, hebu tuangalie hii nane na nne, ni mimi au ni wewe?" Swali kama hilo mtu anaweza kulijibu bila kupoteza uso. Anaweza hata kukushukuru, maana siku ya kuvunja kikoba ndipo 360,000 ingetafutwa kwa makelele.

Na mkiwa mmeelewana, pendekezeni hesabu zipitishwe kwa vikaratasi kabla ya mikono, na mwenyekiti awe wa mwisho kusema. Sanduku lenu lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, kwa sababu mlikubaliana kwamba mtu mmoja asiachiwe pesa. Hesabu mmeiacha bila kufuli.

Mwakeye Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, bweni. Likizo hii amerudi amenyoa kiduku, suruali inashuka, na kila nikimuuliza jibu ni "wenzangu wote". Nyumbani alikuwa mtoto mwenye akili zake. Nimhamishe shule? — Baba wa Kasulu

Baba, huko utakakompeleka utamkuta na kundi lingine, na pengine wananyoa vibaya zaidi.

Mwaka 2011 Daniel Haun na Michael Tomasello walichapisha jaribio walilolifanya Ujerumani na watoto wa miaka minne, ndiyo, minne, wenye vitabu vya picha za wanyama. Mtoto mmoja kitabu chake kilikuwa na picha tofauti na cha wenzake watatu, naye hajui. Kati ya watoto 24 waliojikuta peke yao, 18 waliwafuata wenzao angalau mara moja, hali picha iko mbele yao. Lakini wakaongeza kitu: taa ikiwaka unataja jibu kwa sauti, taa ikizimwa unaonyesha kwa kidole, wenzako hawaoni. Taa ilipozimwa, kufuata kulipungua. Mtoto wa miaka minne tayari ana jibu la hadharani na jibu la moyoni.

Wako ana 14 au 15. Yale unayoyaona kichwani ni jibu la taa kuwaka. Acha kumhoji mbele ya wadogo zake na majirani, maana hapo nawe umemwashia taa. Nenda naye shamba, mkiwa mnapalilia muulize kuhusu rafiki yake mmoja, si kundi. Nywele ziache, zitaota. Cha kumchunguza ni kama ana hata mwenzake mmoja pale bwenini anayeweza kukataa naye jambo baya. Akiwa naye, mwache shuleni hapohapo. Na huyo rafiki mwalike likizo ijayo aje ale ugali kwenu.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanachuo, nyumbani ni Mwanga. Mhadhiri wetu amesema sisi Waafrika tunafuata kundi kuliko Wazungu kwa sababu ya ujamaa wetu. Ni kweli? Na wewe Mwalimu, unavyoandika kwa kujiamini hivyo, ulishawahi kufuata mkumbo? — Kijana wa Mwanga

Marahaba. Swali la pili nitalifikia, usidhani nimelikwepa.

La kwanza lina ukweli ndani yake, ila limevaa nguo kubwa kuliko mwili. Rod Bond na Peter Smith mwaka 1996 walikusanya tafiti 133 za namna ya Asch kutoka nchi 17. Wakaona kweli kufuata kundi kulikuwa kwingi zaidi katika nchi ambazo mtu hujihesabu kwanza kama sehemu ya jamaa zake. Wakaona pia kwamba Marekani kwenyewe kulikuwa kumepungua tangu miaka ya 1950. Kama ni damu, mbona imebadilika ndani ya miaka 40?

Kuna utafiti ninaoupenda zaidi, wa John Berry, 1967. Aliwalinganisha Watemne wa Sierra Leone, wakulima, na Wainuiti wa kisiwa cha Baffin, Kanada, wawindaji. Watemne walifuata kundi sana, Wainuiti kidogo sana. Maelezo yake yalikuwa ya chakula. Wakulima huvuna kwa msimu, wakaweka ghalani, wakagawana hadi msimu mwingine, kwa hiyo mbishi mmoja anaweza kuwatia njaa wote. Mwindaji yuko peke yake kwenye barafu na uamuzi wake. Ona kwamba maelezo hayo ni ya kazi na chakula, si ya damu.

Hapa kwetu nenda ziwani uone. Wavuvi wanapovuta wavu wa dagaa usiku hawapigi kura. Mmoja anatoa sauti, wote wanavuta, na anayevuta kwa wakati wake anautoboa wavu au anauinamisha mtumbwi. Hao hao asubuhi mwaloni, wakipanga bei na wachuuzi, hakuna anayemfuata mwenziwe hata kidogo. Watu walewale, saa sita tu zimepita. Mwambie mhadhiri wako, kwa adabu, aseme ni kazi gani na saa ngapi kabla ya kusema ni Waafrika.

Na wachache nao huvuta, usisahau kumwambia. Serge Moscovici, Ufaransa, 1969: kundi la watu sita, wawili wamepangwa, picha ni za buluu na hao wawili wanaziita kijani bila kuyumba. Kama majibu 8 katika 100 ya wale wengine yakageuka kijani. Wale wawili walipokuwa wanabadilikabadilika, ikashuka hadi kama 1.

Sasa mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa mtu ninayemheshimu. Nilitoka nyumbani na ahadi yangu kichwani: shilingi 50,000, na nyingine sina. Daftari likaanza kuzunguka. Wa kwanza akaahidi 200,000. Wa pili akavuta pumzi, 200,000. Wa tatu akamtazama wa pili, 200,000. Mikono mitatu, umeona? Daftari likafika kwangu, mimi niliyefundisha Asch kwa miaka 22, niliyechora mistari ile ubaoni kwa chaki kila mwaka. Nikaandika 200,000, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Tulipotoka, nikaongozana na yule wa tatu hadi njia panda. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninamjua mtu wa kumkopesha 150,000. Naye alikuja na ahadi ya 50,000. Wa pili sikumuuliza, ila wiki ile nilisikia anauza mbuzi.

Mimi niliuza cherehani. Ndiyo maana siku hizi nguo zangu nampelekea fundi wa mlango wa tatu, yule aliyesema "ya kwanza" bila kutabasamu.